Niliomba wiki ya 37, wakanikatalia

Huu ulikuwa upasuaji wangu wa pili wa kujifungua, safari hii katika hospitali ya binafsi hapa Dar. Mume wangu alikuwa anasafiri, nikaomba tufanye wiki ya 37. Daktari hakubishana nami. Alichukua kadi yangu, akatafuta ultrasaundi ya mwanzo kabisa, ile ya wiki ya 9, akahesabu kwa kalamu kwenye kalenda ya mezani mpaka wiki ya 39. "Mama, mapafu ya mtoto yanazihitaji hizi wiki mbili. Uchungu ukianza kabla, njoo hata usiku wa manane." Akaniandikia namba ya wodi nyuma ya kadi.

Nilitoka nimenuna. Leo namshukuru kwa moyo wote, maana kifungua mimba wangu alitolewa mapema, akakaa siku nne kwenye oksijeni, na mlio wa ile mashine bado naukumbuka.

Kasoro ipo: nilifunga tangu usiku, nikafika saa 12 asubuhi, nikaingizwa chumba cha upasuaji saa 8 mchana bila maelezo. Kwa mjamzito hilo ni zito, warekebishe. Nesi wa zamu ya usiku alinifundisha kugeuka kitandani bila kuvuta mshono. Binti yangu alilia hata kabla hajafutwa.