Windows ndani ya Mac: uzoefu wangu na Parallels Desktop

Ninatunza hesabu za maduka matatu ya vifaa vya ujenzi jijini Mwanza, na programu ya uhasibu ambayo wenye maduka walikwisha kuinunua inafanya kazi kwenye Windows peke yake. Nilipochukua MacBook Air yenye chipu ya M1 nilikuwa najua kwamba Boot Camp, ile njia ya zamani ya kuwasha Mac kwa Windows, haimo katika kompyuta zenye chipu hizo zilizoanza kutoka Novemba 2020. Kwa hiyo nikalipia Parallels Desktop, ambayo huunda mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta, na kuendesha Windows 11 ndani yake huku macOS, mfumo wa Mac yenyewe, ikiendelea na shughuli zake.

Kilichonifanya nibaki nayo ni hali inayoitwa Coherence. Humo eneo-kazi la Windows hutoweka, na madirisha ya programu zake yakakaa pamoja na ya Mac, kila programu ikiwa na ikoni yake chini ya skrini. Mwisho wa mwezi hunakili namba ya malipo ya serikali, yenye tarakimu 12, kutoka kwenye barua pepe niliyoifungua katika Safari, kivinjari cha Mac, nikaibandika kwenye leja ya ile programu ya uhasibu kwa vitufe vilevile vya Mac, Command na V. Ripoti ninayoihifadhi katika folda ya Documents ya Windows naikuta papo hapo katika ile ya Mac, kwa kuwa folda hizo zimeunganishwa tangu mwanzo. Karani anayenisaidia alifanya kazi wiki nzima bila kujua kwamba leja ile ni ya Windows.

Kosa la kwanza lilikuwa langu mwenyewe. Kompyuta ina kumbukumbu ya GB 8, nami kwa tamaa nikaitengea Windows GB 6. Leja ikawa nyepesi, lakini kila nilipofungua kivinjari kigurudumu cha rangi kilizunguka hadi chai ikapoa. Nilipoishusha hadi GB 4 mambo yakatulia, ingawa anayenunua leo ningemshauri achukue GB 16.

Mpaka kati ya mifumo hii miwili niliuona siku nilipochomeka printa ya lebo za bei. Windows inayoendeshwa katika Mac hizi ni ile ya prosesa za ARM, aina ambayo M1 ni mojawapo, nayo inaweza kuzitafsiri programu zilizoandikiwa prosesa za Intel, ndiyo maana leja yetu ya zamani inafunguka bila shida. Draiva, yaani programu ndogo inayouwezesha mfumo kuwasiliana na kifaa, hata hivyo haitafsiriwi, ni lazima iwe imeandikwa kwa ajili ya ARM, na ya printa ile haikuwapo. Nilipoteza Jumamosi nzima nikiweka na kuondoa draiva ileile kabla sijaelewa hilo. Printa ya kawaida ya ofisini haikusumbua, kwa sababu Parallels huzionyesha ndani ya Windows printa ambazo Mac imekwisha kuzitambua.

Mimi nilichukua usajili wa mwaka, na leseni ya Windows hununuliwa kando, hivyo mwenye programu moja anayoifungua mara mbili kwa mwezi afadhali atafute kompyuta iliyotumika. Leja yangu hufunguliwa kila siku, kwa hiyo nimelipia mwaka wa pili. Lebo nazichapa kwa laptop ya zamani ya dukani, ambayo sasa huwashwa Jumatatu asubuhi kwa kazi hiyo tu.