Binzari ya kusagiwa mbele ya macho, soko la Majengo Dodoma

Mume wangu ni fundi betri za magari, na wenye watu wa kazi hiyo mnaelewa, anayeyusha madini ya risasi kutwa nzima, vumbi linakuja na nguo mpaka ndani, na mwanetu ana miaka miwili, baba akifika tu kesharukiwa. WHO wanasema hakuna kiwango cha risasi ambacho ni salama kwa mtoto, nilivyosoma hiyo usingizi ukakata kabisa.

Ndo nikaanza kutafuta vyakula vya kumkinga mtoto, nikakutana na habari za kurkumini, ile kitu inayoipa binzari manjano yake, kwamba panya waliopewa risasi halafu wakapewa na kurkumini ubongo wao uliharibika kidogo kuliko wenzao, maana risasi ikiingia mwilini inafanya seli zipate kitu kama kutu, na kurkumini inapunguza ile kutu. Ni panya lakini, kwa binadamu ushahidi bado mdogo, nawaambia mapema msije mkatupa hela.

Sasa kilichonipeleka kwenye hiki kibanda cha viungo pale Majengo ni hiki, Bangladesh mwaka 2019 watafiti walieleza kuwa binzari ilikuwa inapakwa rangi yenye risasi ili ing'ae. Yaani unanunua kinga kumbe unajilisha sumu ileile! Tangu hapo unga wa pakti sigusi. Hapa unachagua vipande vikavu mwenyewe, unavunja uone ndani, wanakusagia umesimama hapohapo. Mama muuzaji akaniambia, "Mwanangu weka na pilipili manga na mafuta, bila hivyo inapita tu tumboni," na ni kweli, kurkumini peke yake mwili unaichukua kidogo mno. Nikamuuliza inatibu? Akasema yeye anauza viungo, matibabu niende hospitali. Hapo ndo alinishika moyo, maana kuna mwingine mtaani alitaka kuniuzia kichupa eti kinatoa sumu zote kwa siku saba.

Nachukua na ubuyu pamoja na unga wa mlonge. Mlonge una madini chuma na kalsiamu, na mtoto mwenye upungufu wa hivyo vitu mwili wake unafyonza risasi nyingi zaidi, ubuyu una vitamini C inayosaidia chuma kuingia. Kwangu mimi hapa ndo penye uzito kuliko hata binzari.

Kasoro ipo, mlonge wa mwezi uliopita ulikuwa umepauka, nikaurudisha wakanibadilishia bila maneno, ila hakikisheni ni kijani kabla ya kulipa. Na Jumamosi foleni ya mashine ni ndefu sana, nendeni asubuhi.

Nyumbani mume wangu siku hizi anaoga na kubadili nguo kulekule kazini, zinafuliwa peke yake. Hiyo nimeanza nayo kabla ya binzari, na wiki ijayo tunampeleka mtoto kumuona daktari.