Filta ya ND kwa jua la Dodoma: ipi ununue kwanza

Anayepiga video za harusi Dodoma analijua jua la saa saba mchana. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kuanzia Mei hadi Novemba anga ni kavu, na ardhi yetu inaurudisha mwanga usoni kwa mtu. Maharusi wanatoka kanisani juani, dakika mbili baadaye wako chini ya mbuyu. Hapo unahitaji kioo cha giza mbele ya lenzi, yaani filta ya ND, na iliyo bora ni ile unayoweza kuizidishia au kuipunguzia giza bila kuitoa.

Vijana wananiuliza, kwa nini nisiongeze tu spidi ya shata, yaani kufupisha muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu? Kwa picha za mnato, ongeza. Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, shata inatakiwa kukaa 1/50 ya sekunde, ambayo pia inaendana na umeme wetu wa hezi 50, taa za ukumbini zisichezecheze. Ipandishe hadi 1/2000 uone akina mama wa Kigogo wakipiga muheme: mikono inarukaruka kwenye ngoma, shanga zinaganda hewani, utamu wote wa mchezo umepotea.

Sasa hesabu. Jua kali, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ikiwa 100, shata 1/50, kamera inakutaka uibane lenzi hadi f/22, tundu dogo sana. Wewe unataka f/4, tundu pana, nyuma ya bibi harusi pawe laini. Mwanga umekuzidi stopu 5, na kila stopu ni kuukata mwanga nusu. Anayerekodi kwa logi, yaani picha iliyofifishwa makusudi ili rangi zirekebishwe baadaye, ambayo kwenye kamera nyingi huanzia karibu na ISO 800, aongeze stopu 3, jumla 8. Nimepanga orodha yangu kwa hesabu hii. Jina la kampuni si la kwanza kuangaliwa.

Namba moja ni ND ya kuzungusha ya stopu 2 hadi 5, yenye vizuizi kwenye ncha zote mbili ili isizunguke kupita kiasi. Ndani yake kuna vioo viwili vya polaraiza, vinavyopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu. Ukizungusha cha mbele, giza linaongezeka. Juani unaipeleka kwenye 5, kivulini unairudisha kwenye 2, na mkono haujaondoka kwenye lenzi. Wa logi achukue ya 6 hadi 9. Nunua ya kipenyo cha milimita 82, kisha pete za kuunganishia lenzi zako za 67 na 77. Pete ni za bei ndogo. Kununua filta kwa kila lenzi ni kumaliza pesa bure. Ila ujue kwamba polaraiza inagusa rangi: kwenye lenzi pana, ile inayoona eneo kubwa, anga inaweza kuwa na upande mweusi na upande mweupe, na skrini ya ukumbini inaweza kuzimika machoni pa kamera yako. Kwa upande mwingine inapunguza mng'ao wa jasho usoni, na mchana wa Oktoba hilo nalipenda.

Namba mbili ni seti ya ND zisizobadilika, ya stopu 3 na ya stopu 6, hasa zinazoshika kwenye lenzi kwa sumaku. Rangi yake hutulia kuliko ya kuzungusha, na anga haina mabaka. Kwa mahojiano, au kazi ya mandhari kwenye michoro ya miambani kule Kolo, Kondoa, ningechukua hizi kwanza. Harusini zinachelewesha.

Kamera yenye ND ya umeme ndani yake nimeiweka ya tatu kwa sababu ya bei tu. Sony FX6 ya mwaka 2020 inabadilisha giza kuanzia stopu 2 hadi 7 kwa kioo cha fuwele za kimiminika, na ukiiachia inajirekebisha yenyewe mtu anapopita kutoka juani kwenda kivulini. Ukiwa na kazi za kampuni kubwa, iwekee akiba.

Ya mwisho, na naomba usiinunue, ni ya bei rahisi iliyoandikwa ND2–400, yaani inadai kukata mwanga kuanzia mara 2 hadi mara 400. Mimi niliinunua. Kwenye harusi moja mtaa wa Kisasa niliizungusha hadi mwisho, ikatoka alama ya X nyeusi katikati ya picha, na shela nyeupe ikawa rangi ya chai ya maziwa. Nilikesha siku tatu kurekebisha rangi, na uso wa yule dada haukurudi sawasawa. Siku ile hairudiwi, ndiyo maana nasisitiza.

Wapo wanaotaka lenzi ya kamera inayojitia giza kama miwani ya juani. Kioo cha miwani ile kinafuata miale ya urujuanimno, kinachukua dakika kadhaa kurudi cheupe, na joto linakipunguzia giza. Bibi harusi anavuka mlango wa kanisa kwa sekunde kumi.

Dukani nenda na kamera yako na karatasi nyeupe. Vaa lenzi yako pana kuliko zote, toka nje, rekodi karatasi huku ukizungusha taratibu kutoka ncha hadi ncha. Ukiona X au weupe ukageuka kahawia, rudisha. Kisha vaa lenzi ndefu, usome maandishi ya bango la mbali ukiwa na filta na bila filta. Yakififia, kioo ni kibovu.

Ukishaipata, adui ni vumbi. Chembe moja ikiingia kwenye pete utaisikia inasaga unapozungusha. Ipulize kwa pampu ya mpira, usiifute kwa shati. Filta ikikwama kwenye lenzi, usiiminye, kwa sababu ukiiminya pete inapinda na kukaza zaidi. Izungushie mpira wa kufungia noti, ishike kwa vidole vyote, ifungue taratibu.