Mjusi wa Kwanza: Chagua Taa Kabla ya Mjusi

Lalamiko la wanaoanza kufuga mijusi nyumbani ni lilelile. Mjusi alinunuliwa mzima, akala vizuri, na miezi minne baadaye taya limelegea kama mpira, miguu imepinda, tumbo linaburuzika. Muuzaji anasema ongeza unga wa kalsiamu. Unaongezwa, na hali haibadiliki. Kosa liko juu ya kizimba, kwenye taa inayowaka vizuri kabisa.

Taa ya UVB, yaani ya mionzi ya urujuanimno kama ya jua, hufa kimyakimya. Mionzi yake haionekani kwa macho, na ndiyo inayomwezesha mjusi kutengeneza vitamini D3 ngozini. Pasipo D3, kalsiamu nyingi anayolishwa hupita tu, na mwili huanza kuichota mifupani. Zile balbu fupi zilizosokotwa, zinazouzwa ndani ya seti za wanaoanza, huchoka baada ya miezi sita hivi huku mwanga mweupe ukiendelea kung'aa. Wavu wa juu unapunguza theluthi ya mionzi, pengine zaidi. Kioo huizuia karibu yote, kwa hiyo kukiweka kizimba dirishani ni kumpika mjusi bila kumpa jua.

Nunua taa ndefu ya T5, ile ya mrija mwembamba, pamoja na kiakisi chake cha kurudisha mwanga chini, iwe na urefu wa nusu hadi theluthi mbili ya kizimba. Hapa hatufichi upendeleo: chapa ya Arcadia. Asilimia ya UVB imeandikwa kwenye taa yenyewe, umbali wa kuiweka umeelezwa, na hudumu mwaka mzima. Ni ghali, ndiyo. Siku ya kuiwasha mara ya kwanza, andika tarehe kwenye kitako chake kwa kalamu isiyofutika. Wengi hawaandiki, na mwaka wa pili hawajui taa ina umri gani.

Ukishaelewa hilo, swali linabadilika: ni mjusi gani atakayekuvumilia ukikosea taa?

Wa kwanza ni geko chui, wa Pakistani, Afghanistan na India ya kaskazini. Hutoka jioni na alfajiri, hivyo taa hafifu ya asilimia 6 au 7 inamtosha, na hata ikichoka, D3 ya unga kwenye nyenje humshikilia mpaka ugundue. Mpe kizimba cha sentimita 90 kwa 45, sakafu yenye joto la nyuzi 32 hadi 34 za Selsiasi upande mmoja, na 24 hivi upande wa pili. Joto lote lipite kwenye themostati, kifaa kinachodhibiti joto lisizidi. Kipimajoto cha kubandika ukutani hupima hewa, ilhali yeye hulalia sakafu. Tumia chenye waya wa kuhisi na uuweke pale anapolala. Muwekee pia pango lenye kuvumwani iliyoloweshwa. Asipopata unyevu, ngozi ya zamani hubaki kama pete vidoleni, hukata damu na vidole hukatika. Ndiyo maana dukani unahesabu vidole kwanza, kisha unatazama mkia: uwe mnene. Mwembamba kama penseli, mwache. Usihadaike na rangi pia. Aina inayoitwa Enigma huzaliwa na kasoro ya neva, hutembea ikizunguka na kupinda shingo. Lemon Frost huota uvimbe wa saratani. Wa rangi ya kawaida ndiye nafuu na ndiye bora.

Wa pili ni geko wa ushungi wa Kaledonia Mpya, aliyedhaniwa ametoweka mpaka alipoonekana tena mwaka 1994. Hula uji wa matunda wa unga uliokwishachanganywa D3, na joto la chumba linamfaa. Adui yake ni kiangazi: joto likipita nyuzi 28 kwa muda mrefu, hufa. Kama nyumba yako huwa tanuri wakati wa joto, mruke.

Wa tatu ni joka ndevu wa Australia, ambaye wauzaji humweka wa kwanza kwa sababu ni mpole, na kwa sababu vifaa vyake ni vingi. Upole ni kweli. Lakini huyu ni mtoto wa jua: anataka kizimba cha sentimita 120 kwa 60, taa ya asilimia 12, na jiwe la kuotea lenye nyuzi 38 hadi 42. Akiwa mdogo, taa mbovu humlemaza kwa miezi michache. Mchukue ukiwa na pesa ya taa mpya kila mwaka.

Wa bei ya chini kabisa, anole na mijusi wa ukutani? Wengi wamenaswa porini, wana minyoo, na taa wanayohitaji ni ileile ya bei kubwa. Iguana wa kijani hufikia mita moja na nusu, tusipoteze muda.

Kinachoudhi ni zile seti. Ndani kuna balbu fupi, mchanga unaoziba utumbo, taa nyekundu ya usiku isiyo na kazi, na jiwe la umeme linalounguza tumbo. Unalipa, kisha unatupa karibu vyote isipokuwa kizimba cha kioo. Halafu muuzaji huyohuyo atakuambia ununue wawili "wasiwe wapweke". Madume wawili wa geko chui watararuana.

Muulize muuzaji mjusi alianguliwa tarehe gani. Mfugaji wa kweli huijua. Akijibu "ameletwa kutoka Afrika", ondoka, hasa akikuonyesha kale kageko ka buluu ka msitu wa Kimboza, Morogoro. Kamo tangu 2017 kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na Tanzania ilifunga usafirishaji wa wanyama hai nje mwaka 2016. Asiyekuwa na hati za kuzaliwa kizimbani anakuuzia kesi.