Spesi moja tu imenifutia kazi ya mchana mzima

Jamani hii programu ya kuandikia nilikuwa naisifia kwa kila mtu hapa steshenari, lakini kilichonikuta juzijuzi bado kinaniuma.

Nachapa ripoti ya fildi ya mwanafunzi, kurasa kumi na kitu zimeisha, akasema dada ile aya niliyokwambia ufute mwanzoni hebu niione tena. Nikashikilia Kontrol Z, ile ya kutendua, yaani kurudisha nyuma ulichofanya, nikarudi nyumaaa mpaka ikatokea, tukaisoma, akasema basi haifai tuendelee. Naenda kwenye kishale cha kunirudisha mbele, kidole kikagusa spesi. Spesi! Kishale kikawa cha kijivu, hakibonyezeki. Nikaitendua ile spesi, kishale kikawaka tena, nikabonyeza mikono inatetemeka, kikanirudishia spesi basi, kurasa zangu hakuna.

Kumbe ndo zilivyo programu nyingi, ukirudi nyuma halafu ukaandika chochote hata nukta, inahesabu umeanza njia mpya na yote ya mbele inayatupa, kimyakimya. Kufunga faili inaniuliza una uhakika, kazi ya saa nne haiulizi! Na hazikosi namna, maana Emacs, programu nyingine ya kuandikia, ni ya toka miaka ya 1970 na humo kutendua nako kunahesabiwa ni badiliko, unaweza kutendua hata kule kutendua kwenyewe, hakuna kinachopotea hivi hivi. Halafu hii yangu inajisevu yenyewe, nikashtukia imeshasevu ule upungufu juu ya faili langu.

Nikawaandikia watu wao wa msaada, nikajibiwa programu imefanya kazi kama ilivyopangwa, nikiwa na swali jingine nisome mwongozo. Hata pole hakuna.

Nyota moja. Ila niseme haki, baadaye nikachimba kwenye menyu nikakuta historia ya matoleo, imefichwa huko ndani kabisa, ikanipa faili la saa saba mchana lenye kurasa sita, kwa hiyo sio kwamba hawakufikiria, walifikiria wakaficha. Na Kontrol Z yenyewe imeniokoa mara nyingi mno kwenye hii kazi, siwezi kukataa. Haya, mbili. Siku hizi kabla ya kutendua nakopi yote naweka faili jingine kwanza.

Lakini nikikumbuka yule kijana alivyokaa kwenye benchi mpaka saa tatu usiku nachapa upya na kesho yake asubuhi anatakiwa kukabidhi, hapana, hata hiyo moja nimewapa bure.