Viatu vya ngozi vya daraja la kwanza: kasoro ya kurudisha na kasoro ya kuvumilia

Viatu ninavyovitathmini hapa ni vyeusi, vya ngozi ya ndama, vya kufunga kwa kamba, vyenye kipande cha ngozi kilichoshonwa juu ya vidole na soli ya ngozi iliyoshonwa, yaani viatu vile ambavyo mtu huvivaa na suti anapokwenda harusini, mahakamani au kwenye usaili wa kazi. Muuzaji alivitangaza kuwa ni vya daraja la kwanza na akavitoza bei ya daraja hilo. Kipya kinyemi ingawa kidonda, kwa hiyo sikutaka kuvihukumu kwa mng'ao wa siku ya kwanza. Niliviweka mezani karibu na dirisha, mwanga ukivipiga kutoka ubavuni, nikavichunguza kimoja kando ya kingine kabla soli haijagusa ardhi. Mwanga wa ubavuni hufichua matuta na mikwaruzo ambayo taa ya juu huifunika, na wauzaji wengi hawakubali kupokea kiatu ambacho soli yake imekwisha kuchubuka.

Nilianza na ngozi ya mbele, kwa sababu kasoro yake ndiyo isiyo na tiba. Soli huweza kubadilishwa na kisigino huweza kupigiliwa upya, lakini ngozi mbaya ya mbele hubaki vilevile hadi kiatu kitakapotupwa. Niliingiza vidole ndani ya kiatu cha kulia, nikabonyeza kwa dole gumba kutoka nje, pale ambapo kiatu hujikunja mtu anapotembea. Uso wa ngozi ulifanya mistari myembamba kama nywele, ambayo ilipotea mara nilipoachia. Kiatu cha kushoto, mahali palepale na kwa nguvu ileile, kilitoa makunyanzi mapana yaliyoinuka, na nilipoondoa kidole mawili kati yake yaliendelea kuonekana. Nilipopitisha ukucha taratibu juu yake nilihisi tabaka la juu likisogea peke yake juu ya tabaka la chini.

Hiyo ndiyo ngozi iliyolegea, na chanzo chake kinajulikana. Ngozi ya mnyama mmoja hailingani sehemu zote: mgongoni na kwenye makalio nyuzi zake zimeshikana sana, ilhali tumboni na kwenye makwapa ni legevu na huvutika ovyo. Fundi mkataji anayeijua kazi yake huitumia sehemu iliyoshikana kwa mbele ya kiatu, panapoonekana na panapokunjika zaidi, na zile legevu huzipeleka kwenye ulimi au mahali pengine palipojificha. Jozi iliyokatwa vizuri hutoa vipande vya mbele vya kushoto na kulia katika maeneo yanayofanana ya ngozi moja, ili viatu vizeeke pamoja. Katika jozi hii ni dhahiri kwamba kipande cha kushoto kilitoka karibu na tumbo.

Ipo hoja ambayo wauzaji hupenda kuitoa, nayo ni kwamba makunyanzi husababishwa na mguu wa mnunuzi. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Kiatu kikiwa kikubwa kuliko mguu, nafasi tupu iliyo juu ya vidole hujikunja kwa kina, hata ngozi iwe bora namna gani, na tena ni watu wachache sana ambao miguu yao miwili inalingana kabisa. Ndiyo maana kipimo cha kidole gumba hufanywa kabla mguu haujaingia. Ngozi inayoinuka kwa makunyanzi mapana wakati kiatu ni kitupu haiwezi kusingiziwa mguu ambao haujaivaa.

Kwa upande mwingine, si haki kuiita kila alama kasoro. Ubavuni mwa kiatu cha kulia, karibu na kisigino, kuna mstari hafifu wenye matawi ambao ni alama ya mshipa wa damu wa mnyama mwenyewe. Mnyama aliishi, akaumwa na wadudu, akajikwaruza, na ngozi isiyosuguliwa hutunza kumbukumbu ya hayo yote. Alama kama hiyo ikiwa ubavuni mimi huikubali bila kinyongo. Ingekuwa juu ya vidole ningeikataa kwa bei ya daraja la kwanza. Ngozi ya kutiliwa shaka zaidi ni ile isiyo na alama hata moja, wala vinyweleo, kwa sababu mara nyingi imesuguliwa kwa msasa na kupakwa tabaka nene la rangi, ambalo baada ya miezi ya kuvaliwa hupasuka kwenye mikunjo. Harufu ya ngozi haithibitishi lolote, kwani huweza kupulizwa.

Kuhusu soli, maelezo ya bidhaa yalisema imeshonwa kwa ukanda, mbinu iliyopata mashine yake nchini Marekani katika karne ya 19 na inayobeba hadi leo jina la Charles Goodyear Mdogo, mwana wa yule aliyevumbua njia ya kuuimarisha mpira kwa joto na salfa. Katika mbinu hiyo ukanda wa ngozi hushonwa kwanza pamoja na ngozi ya juu na soli ya ndani, kisha soli ya nje hushonewa kwenye ukanda huo, kwa hiyo fundi viatu anaweza kuibandua soli iliyochakaa bila kuigusa sehemu ya juu. Udanganyifu wa kawaida ni kubandika soli kwa gundi na kuizungushia ukanda wa mapambo wenye mshono usioshika kitu. Katika jozi hii uzi unaoonekana juu ya ukanda unatokeza pia chini ya soli, ndani ya mfereji wake, kwa hatua zilezile. Mshono ni wa kweli. Karibu na upinde wa mguu wa kushoto kuna hatua moja iliyoruka, yenye urefu wa karibu mara mbili ya nyingine. Inaudhi jicho, lakini mshono huu hujifunga katika kila hatua na haufumuki wote kwa sababu ya hatua moja, hivyo sikuihesabu kuwa sababu ya kurudisha.

Mshono wa nyuma wa kiatu cha kushoto unaegemea nje kidogo, na mstari wa kipande cha vidole unatofautiana na wa kulia kwa milimita 2. Tofauti kama hizi hutokea ngozi inapovutwa kwa mkono juu ya foroma, yaani kielelezo chenye umbo la mguu. Jambo la kupima ni kimo cha ukingo kuanzia mezani hadi chini ya kifundo cha mguu, maana ukingo uliopanda upande mmoja humchubua mvaaji kila siku. Hapa vimo vililingana. Viatu vyote viwili vilikaa mezani bila kuyumba. Gundi iliyovuja ndani na rangi iliyopakwa bila uangalifu kwenye ukingo wa soli ni uzembe wa dakika za mwisho, na kitambaa chenye unyevu pamoja na dawa ya viatu vilitosha kuuondoa.

Nilimwandikia muuzaji kuhusu ngozi ya kushoto tu, nikaambatanisha picha za viatu vyote viwili vikiwa vitupu na vimebonyezwa mahali pamoja. Jibu la kwanza lilikuwa kwamba ngozi ni kitu cha asili na hutofautiana. Nilijibu kwamba tofauti hiyo ndiyo iliyowafanya watengenezaji wawe na daraja la kwanza na la pili, na kwamba kiatu hiki ningekipokea kwa furaha kama kingeuzwa kwa bei ya daraja la pili. Baada ya hapo walikubali kubadilisha, wakalipia usafirishaji, na jozi ya pili ikaja ikiwa na ngozi iliyoshikana pande zote mbili. Ina kovu dogo la chombo cha fundi kwenye ukanda wa mbele, na nimeamua kukaa nayo. Ujenzi wa viatu hivi naupa alama za juu. Ukaguzi kabla ya kuvifungasha naupa alama za chini, kwa sababu kasoro iliyoonekana kwa kubonyeza kidole mara moja haikupaswa kutoka kiwandani ikiwa na muhuri wa daraja la kwanza.