Tamasha la Utamaduni Lamu: nendeni mchana, mkae Mkunguni

Watu wakirudi Lamu kwa tamasha utawasikia wanasifu mbio za punda na mbio za mashua, na sawa, raha ipo, lakini mimi kilichonilipa nauli yangu na ile barabara yote mpaka Mokowe, kwenye boti za kuvukia kisiwani, ni ngoma za mchana pale Mkunguni, mbele ya ngome.

Anzeni na ile ngoma inayoitwa goma. Wanaume wamejipanga safu, kanzu nyeupe, kofia za kushonwa kwa mkono, kila mtu na bakora yake, alafu wanakwenda taratiiibu, goti linakunjika kidogo, bakora zinapanda pamoja zinashuka pamoja. Kama umezoea ngoma za kurukaruka mwanzo utajiuliza mbona hawa hawachezi. Subiri kwanza. Mwenye zumari ndo kashika kila kitu, mashavu yamemfura, anavuta pumzi kwa pua huku mdomo bado unapuliza yaani sauti haikatiki kabisa, na ukisogea utaona jicho lake haliwaachi wapiga ngoma, akibadilisha na wao washabadilisha. Nilisimama karibu yake mpaka masikio yanavuma na bado sikutaka kuondoka.

Kirumbizi ni moto mwingine. Duara, wawili wanaingia na fimbo, wanazungukana, pa! fimbo kwa fimbo, mmoja anatoka mwingine anaingia. Mchezo tu sio ugomvi ila fimbo ni fimbo, ukiwa mbele rudi nyuma kidogo. Kuna kijana aliingia kwa mbwembwe kumkabili mzee mwenye mvi, mzee akamwacha ajishauwe weee, kisha akamgusa begani na ncha ya fimbo, polepole tu, uwanja mzima ukaangua kicheko.

Kero yangu ni hawa watu wa simu. Mtu anaingia mpaka katikati ya safu ya goma apate vidio, na sio wageni peke yao, hata sisi. Wazee wa watu wanampisha kwa adabu na mwendo ushaharibika. Jamani si mtarekodi tu mkiwa pembeni?

Bao nalo usilipite. Kete 64, watazamaji wana midomo kuliko wachezaji, kila mmoja anajua ungechezaje. Usiku ndo stej, spika kubwa, nzuri kwa kucheza ila muziki ule utaupata hata Mombasa wikendi yoyote, mimi nililala mapema. Vugo, ngoma ya harusi ya akina mama, zile pembe zinazogongwa kwa vijiti, ukibahatika kualikwa harusini usikatae hata kama umechoka.

Mambo madogo: tamasha huwa Novemba mara nyingi, ulizia tarehe kabla hujakata tiketi. Chumba weka mapema, mimi gesti moja ilinipandishia bei nikiwa na begi mlangoni kabisa. Vaa kwa heshima, huo mji una wenyewe na watu wanaishi humo, ile kuingia urithi wa dunia UNESCO mwaka 2001 haijaugeuza makumbusho. Na kwenye vichochoro ukisikia kelele nyuma yako ganda ukutani, punda mwenye mzigo wa mawe hana breki.

Nyota nne.